Kiungo cha Nyuma

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naandika nikiomba goti liwe limepungua maumivu, na kwamba dawa za presha unazimeza zote, za njano pia, hata kama zinakuchefua. Huku kwetu hatujambo. Mkweo anakusalimu, kile kikohozi kimemwachia na amerudi darasani kuwapigia kelele wanafunzi wake. Wajukuu zako wamerefuka mno, suruali za shule zimegeuka kaptula na hawaoni hata aibu.

Najua utashangaa kupata barua wakati juzi tu tumeongea kwenye simu. Kwenye simu hunipi nafasi, Mama, usikasirike nikisema hivyo, na mimi nikisikia sauti yako ulimi unaniganda. Kwa hiyo leo asubuhi nimefunga mlango wa karakana, nimefuta vumbi la plastiki mezani, nimekaa kuandika. Ninataka kukueleza habari za lile tangi la samaki la daktari. Unazijua kama alivyokusimulia mdogo wangu Bosi, na Bosi mwenyewe hazijui zote.

Utakumbuka kwamba mwaka jana nilimtengenezea daktari wa watoto kibao cha zahanati yake, kile cha herufi za bluu. Alikipenda. Akarudi kuniuliza kama ninaweza kumjengea tangi la samaki kwa ajili ya chumba cha kungojea, kwa sababu watoto wakisikia mwenzao analia ndani wote wanaanza kulia, hata wasio na homa. Alitaka tangi refu kama mtu mzima aliyelala, na liwe chini kiasi kwamba mtoto wa miaka mitatu amtazame samaki macho kwa macho. Tangi kubwa namna hiyo nilikuwa sijawahi kujenga. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Nikueleze kidogo kazi yenyewe, maana hujawahi kuniuliza. Akriliki ni plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, inakuja kwa mabamba yaliyobandikwa karatasi pande zote mbili. Unaikata taratibu, ukiharakisha inayeyuka na kunata kwenye meno ya msumeno. Kisha unalainisha kingo mpaka ukizikutanisha usione mwanga ukipita katikati. Gundi yake ni nyepesi kama maji. Huipaki kwa brashi. Unasimamisha bamba moja juu ya jingine, unayatenganisha kwa vipande vya waya mwembamba kama uzi, halafu unapitisha gundi kwa bomba la sindano, nayo inakimbia yenyewe mpaka mwisho. Unahesabu. Plastiki ikilainika unachomoa waya mmoja baada ya mwingine, bamba linajikalia kwa uzito wake, na vipande viwili vinakuwa kitu kimoja. Ukiwahi umeharibu, ukichelewa umeharibu. Kazi ikikubali, kiungo hakionekani kabisa. Na hapo ndipo penye uchungu wake, Mama. Ukiwa fundi hodari kweli, mtu anatazama kazi yako na haoni kitu.

Taa ni habari nyingine. Taa kila mtu anaziona.

Nilimwita Bosi mwenyewe, hilo nalikiri. Daktari alitaka taa zitakazobadilika kama siku inavyobadilika, na mimi umeme naujua kwa kuwasha na kuzima tu. Bosi alikuwa akifunga taa za maduka huko mjini, akaja na begi lake la vifaa na kicheko chake. Kwa wiki mbili chumba cha watoto kilikuwa chake na watoto walilala sebuleni. Alikata mapande ya alumini ya kupoza joto, akapanga juu yake vitaa vidogo vidogo, vyeupe, vya bluu na vichache vyekundu, akaviunga kwa mkono mmoja huku anapiga mluzi. Juu ya tangi aliweka safu mbili. Halafu akaniomba ruhusa aongeze safu nyembamba nyuma, chini, karibu na sakafu ya tangi, ili nuru itoke kule kama alfajiri. Nilikubali. Lilikuwa wazo zuri, na ndiyo maana liliniuma.

Mama, wewe unajua jinsi anavyoingia mahali. Siku ya pili majirani walikuwa wanajua jina lake. Siku ya tatu alijaza maji katika beseni la kufulia, akaning'iniza taa juu yake uani, watu wakaja kuangalia beseni. Beseni lile lile ninalofulia mashuka! Mkweo, ambaye katika miaka kumi na mmoja ya ndoa hajawahi kuketi kunitazama nikifanya kazi, alibeba kiti kutoka sebuleni, akakaa, akawa anapiga makofi rangi zikigeuka. Mimi nilikuwa ndani, nimevaa barakoa, nimepauka vumbi jeupe mpaka kwenye kope, nasugua kingo kwa msasa. Nilikuwa na siku ya nne nasugua. Hakuna aliyechungulia.

Na wewe ulikuwa unapiga simu jioni. Neno la kwanza: Bosi amekula? La pili: Bosi analala wapi, hapati baridi? Ukaniambia nisimchoshe. Mtu wa miaka ishirini na tisa, Mama, anakula kuliko mume wangu, na mimi ndiye ninayepika. Nilikujibu vizuri kila mara. Nilipoweka simu chini nilikuwa narudi karakana nasugua plastiki mpaka vidole vinakufa ganzi.

Tulilipeleka tangi siku ya Jumatatu kwa lori la jirani, watu sita wakalibeba. Baada ya wiki samaki waliingizwa: wadogo wa rangi ya fedha wanaokwenda kwa kundi, na wawili wakubwa wenye midomo iliyokunjika kama wazee waliokasirishwa na jambo. Mtoto mmoja alikuwa analia akisubiri sindano. Bosi akawasha. Ile nuru ya nyuma ikapanda polepole, nyekundu, kisha ya dhahabu, kisha nyeupe, na yule mtoto akanyamaza mdomo ukiwa bado wazi. Daktari alishika kifua. Alisema, "Jamani, utadhani maji yamesimama yenyewe hewani!" Sasa fikiria, Mama. Kilichofanya maji yaonekane yamesimama yenyewe ni kazi yangu. Lakini alikuwa anamtazama Bosi alipokuwa anasema, na Bosi akainama kwa heshima, akashukuru.

Ndani ya mwezi mmoja zahanati ilikuwa na wageni wasio na wagonjwa. Mmoja wao alikuwa msimamizi wa ukumbi wa maigizo, aliyemleta mjukuu wake kwa chanjo akabaki amesimama mbele ya tangi hadi mjukuu akamvuta shati. Aliuliza nani amefanya taa. Akampa Bosi ahadi ya kazi ya kudumu, kuwasha jukwaa zima, aanze mwanzo wa mwezi. Ulipopata habari hizo ulipiga kigelegele nikaondoa simu sikioni. Ulisema, "Niliwaambia mimi! Niliwaambia huyu mtoto ana kitu!" Nilisubiri uniulize tangi linaendeleaje. Ukakata simu umpigie shangazi.

Kilichofuata unakijua. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, chumba kimejaa. Dada wa mapokezi anasema alisikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjwa, akaona uzi wa maji unatambaa kutoka nyuma ya tangi, na kabla hajainuka kiungo cha nyuma, chini, kikafunguka. Maji yote yalimwagika kwa pigo moja. Wazazi waliwapandisha watoto kwenye viti na mabegani. Mama mmoja mwenye kichanga aliteleza. Alimkumbatia mwanawe asiguse sakafu, akaangukia mkono, ukavunjika kwenye kifundo. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Samaki walikuwa wanaruka mpaka chini ya mizani ya kupimia watoto. Wale wakubwa wawili walikufa. Wadogo dada wa mapokezi aliokota aliowaweza, akawatia katika ndoo ya kupigia deki.

Tulifika mimi na Bosi kwa pamoja. Daktari alikuwa amesimama katikati ya maji, viatu mkononi. Aliuliza swali moja tu, kimetokea nini. Mimi ndiye niliyepiga magoti nyuma ya tangi kutazama. Nilitazama kwa muda mrefu. Kisha nikasimama nikasema kwamba zile taa za nyuma zilikaa karibu mno, kwamba joto lao limelegeza kiungo polepole, siku baada ya siku, mpaka kikaachia.

Bosi hakubisha. Alinigeukia kama mtu aliyeitwa kwa jina, akaniuliza, "Kweli, dada?" Nikamwambia ndiyo. Akamgeukia daktari akasema kosa ni lake, wazo la safu ya nyuma lilikuwa lake, mimi nilimkubalia tu. Alikwenda hospitali kumwomba radhi yule mama. Alikwenda kwa msimamizi wa ukumbi, bila kuitwa, akamwambia mwenyewe kwamba taa zake zimevunja mkono wa mtu. Ile kazi alipewa mwingine. Vifaa vyake alimgawia fundi redio wa mtaa wa nyuma, begi na kila kitu, akapanda basi akaja kwako.

Hiyo ni miezi mitatu sasa. Wiki iliyopita uliniambia kwamba balbu ya jikoni iliungua, ukamwomba Bosi aibadilishe, akasimama juu ya kigoda mikono inamtetemeka, akashuka, ukamwita jirani. Balbu, Mama. Kisha ukasema maneno ambayo nimeyangoja tangu nikiwa na miaka tisa, tangu siku uliyoingia na kile kifurushi kutoka hospitali ukatutangazia mimi na marehemu Baba kwamba bosi wa nyumba amefika. Ulisema: "Namshukuru Mungu nina wewe. Wewe kazi yako haiwezi kumdhuru mtu. Wewe ndiye wa kutegemewa."

Niliyasikia. Nilikushukuru. Nilikwenda bafuni nikafungua bomba nikatapika.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye karakana, kabla tangi halijatoka. Ilikuwa Jumamosi, mchana. Nilikuwa nimebakiza kiungo cha mwisho, kile cha nyuma, bamba la nyuma kukaa juu ya sakafu ya tangi. Nilikuwa nimepanga waya zote, nimepitisha gundi, nahesabu. Nilipofika arobaini kicheko kikalipuka uani. Kilikuwa kicheko cha watu wengi, na ndani yake nikamsikia mkweo anacheka kama alivyokuwa anacheka tulipokuwa wachumba. Niliacha kuhesabu. Nikaenda dirishani. Bosi alikuwa amemvika taa kichwani jirani mmoja mwenye upara na anambadilisha rangi. Watu walikuwa wameshika mbavu. Nilisimama pale, Mama, sijui kwa muda gani. Nilikuwa namwangalia mdogo wangu na nilikuwa natamani, kwa moyo wangu wote, kitu chake kimoja kiharibike mbele za watu.

Niliporudi mezani, gundi ilikuwa imeanza kukauka. Nikachomoa waya kwa haraka. Mapovu yalibaki ndani ya kiungo, mstari mzima wa mapovu, urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi kidole. Fundi yeyote wa kiwanda cha vibao, hata wa mwaka wa kwanza, anajua dawa yake: unakata, unasugua upya, unaanza tena. Siku nne nyingine. Na siku hizo nne Bosi angekuwa ameshamaliza, amekaa kwenye kiti na watu wake, wanauliza dada amekwama wapi. Sikuweza. Niliongeza gundi kwa nje, nikaufuta ukingo ukang'aa, na ubao wa pembeni wa meza inayobeba tangi nikauinua kidogo upande wa nyuma ukaficha mahali penyewe. Tangi jipya linatakiwa kujazwa maji na kuachwa wiki nzima karakana kabla ya kumkabidhi mtu. Mimi nililiacha siku mbili.

Siku ile zahanati, nilipopiga magoti, mapovu niliyaona. Kiungo kilikuwa kimefunguka palepale yalipoanzia, na nilipoigusa ile safu ya taa ilikuwa ya uvuguvugu tu, kama shavu la mtoto. Kipande chenye mapovu nilikivunja nikakificha ndani ya koti.

Na kuna jambo baya kuliko hilo. Pale ukutani Bosi alikuwa amefunga swichi ndogo ya usalama, ile inayokata umeme yenyewe ikihisi maji. Daktari hakuiagiza. Mimi nilimwambia anajisumbua. Maji yalipomwagika juu ya nyaya, watoto wote wale na mama zao wakiwa wameloa mpaka magotini, ile swichi iliukata umeme papo hapo. Nilipoinuka niliona kitufe chake kimeshuka. Nilijua kimefanya nini. Kazi ya mdogo wangu ndiyo iliyowaokoa watu kutokana na kazi yangu, na mimi nilifumbua mdomo nikasema ni taa.

Mama, tangu ulipofanyiwa upasuaji wa macho najua barua zako anakusomea yeye. Nimeandika nikijua hivyo.

Bosi, usiruke hapa. Msomee Mama kama ilivyoandikwa, pamoja na lile la dirishani. Taa zako hazikuvunja kitu. Hazikumvunja mkono mtu. Uliniuliza "Kweli, dada?" na nilikudanganya ukinitazama usoni. Sina la kujitetea.

Narudi kwako, Mama. Jumanne nilikwenda kwa daktari na kile kipande, nikakiweka juu ya meza yake. Alikiinua akakiangalia kwenye dirisha, mapovu yote yakaonekana. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nimeshamwona mama mwenye kichanga, nikasema bado, akaandika mtaa na namba ya nyumba kwenye karatasi yake ya kuandikia dawa akanipa. Nilikwenda. Yule mama alinisikiliza mlangoni, mtoto kiunoni, mkono bado haunyooki vizuri. Alisema yule kijana alilia mbele yake, na mimi sijalia. Kisha akafunga mlango. Msimamizi wa ukumbi naye nilimpata. Nafasi ile imejazwa, lakini anasema mwezi ujao kuna igizo kubwa na mtu wake wa taa anahitaji msaidizi. Bosi akitaka, aende amwone. Barua ya ukumbi nimeiweka ndani ya bahasha hii. Vifaa vyake fundi redio amevirudisha bila maneno mengi, viko hapa kwangu, sijavigusa.

Ningeweza kuishia hapo ukaniona nimetubu. Lakini nimeahidi kukuambia yote. Nilipokuwa nainuka kutoka kwa daktari, aliniambia anataka tangi jingine, watoto wanauliza kila siku. Moyo ukaniruka. Akaendelea, bila ukali, kwamba tangi ataagiza kwa fundi mwingine. Taa tu ndizo anataka zile zile, za yule kijana, na safu ya nyuma iwepo, akaniomba namba ya simu yake huko kwako. Nilimwambia sina hapa, nitamletea.

Namba yako naijua kwa kichwa, Mama. Nilitoka pale nikatembea hadi nyumbani na nilichokuwa nafikiria si mkono wa yule mama wala balbu yako ya jikoni. Nilikuwa nafikiria tangi la mtu mwingine, limekaa mahali pangu, chini ya taa za Bosi, na watu wanasema maji yamesimama yenyewe. Nilikaa na ile namba siku mbili nzima. Leo asubuhi, kabla sijashika kalamu, nimeipeleka.

Hasira zako nazisubiri, usizipunguze kwa sababu niko mbali. Wajukuu wanauliza utakuja lini, na mimi sijathubutu kuwajibu. Msalimie shangazi na yule jirani aliyepanda kigoda. Goti usiliache lipigwe baridi, na za njano, nakuomba, umeze.

Mimi binti yako wa kwanza,
Fundi